Nilimwonea Wivu Marehemu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikikaa kimya nausikia mlio wake: nyundo juu ya chuma, chuma juu ya saruji. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina nguvu na nina hasira, na nilikuwa napigana na mwanamke aliyekwisha kufa.

Habari hii sijaisimulia nje ya nyumba yangu. Nakusimulia wewe kwa sababu juzi ulikuja hapa Mkunya umenuna, ukaniambia kwamba mchumba wako, yule mwalimu wa Masasi aliyefiwa na mke, bado ana picha ya marehemu kwenye simu yake, na kwamba umempa wiki moja aifute, ama sivyo posa irudi kwao. Nilikuitikia tu, nikaendelea kubangua korosho zangu. Hukuona kuwa nilikuwa natupa punje na kuweka maganda. Sasa kaa nikueleze. Ukiona natangatanga, nivumilie. Mzee hana njia ya mkato.

Mimi niliolewa mara mbili. Mume wangu wa kwanza aliitwa Issa, fundi cherehani wa Masasi, mtu wa maskhara, aliyeweza kumchekesha hata mtu aliyekuja kupima sanda. Tulikaa miaka mitatu. Homa ikamshika Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Nikakaa eda kwa mama yangu miezi minne na siku kumi, na eda ilipokwisha sikuona kilichokwisha. Watu waliniambia nitazoea. Sikuzoea, nilichoka tu kulia mbele yao.

Miaka miwili baadaye akaja Athumani. Alikuwa seremala wa huku juu Newala, kaja Masasi kutengeneza milango ya nyumba ya mjomba. Mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, na yeye amefiwa na mkewe, ameachiwa mtoto wa kike. Alipokuja kuniposa hakunitamkia maneno ya asali. Alisema, "Rehema, mimi nimezika, na wewe umezika. Tukikaa pamoja, yupo atakayejua kwa nini mwenzake amenyamaza." Nami nikaona hayo ni maneno ya mtu wa kweli, nikakubali.

Mama yangu alinionya jambo moja tu. "Unakwenda Newala," alisema. "Huko juu maji hayachimbwi. Huwa wanashuka bondeni kuyafuata, na kuyapandisha ndiyo shughuli." Sisi wa Masasi kisima kilikuwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo nilisikia kama mtu anavyosikia habari za nchi nyingine.

Nilipofika hapa nikakuta nina bahati. Nyuma ya nyumba ya Athumani palikuwa na tangi la matofali na saruji, kimo chake kinanifika kifuani, linalokinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Likijaa masika, ukitumia kwa adabu, linakufikisha mvua za mwisho wa mwaka. Nyumba za namna hiyo zilikuwa za kuhesabika. Wenzangu walishuka bondeni alfajiri na kurudi jua limepanda, mimi nafungua bomba. Lakini chini, karibu kabisa na lile bomba, mahali unapoinama kukinga ndoo, palikuwa na jina limeandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi: ZAINABU.

Huyo ndiye marehemu.

Mwezi wa kwanza sikujali. Wa pili nikaanza kulisoma kila nikiinama. Mwezi wa tatu nikawa nainama huku nimegeuza uso. Mwanangu, wivu kwa mtu aliye hai una nafuu yake. Huyo unaweza kumpita kwa upishi, kwa mavazi, hata kwa kumngoja azeeke. Aliyekufa hazeeki. Hakosei chumvi, haamki na kinyongo. Kila mtu hapa mtaani alimkumbuka kwa wema, na hilo jina la heshima la mwanamke, jina la mtoto, lilikuwa lake: Mama Salima. Mimi waliniita mke wa Baba Salima. Nilikuwa napika, nafua, namsuka mtoto nywele, namfundisha kufunga kanga ya kulalia, halafu mtu akipita njiani anauliza, "Mke wa Baba Salima, hujambo?"

Na kila mwezi mama yake Zainabu alikuja kutoka Newala mjini kumwona mjukuu. Bi Somoe aliitwa, mwembamba, mrefu, hana maneno mengi. Hakuja mikono mitupu hata siku moja. Mara unga wa muhogo, mara njugumawe, mara kanga mpya, na kila kitu alinikabidhi mimi, si mkwewe Athumani. Nilimpokea, "Shikamoo mama," akajibu "Marahaba mwanangu," nami moyoni nasema: kaja kunikagua. Kaja kuona kama jiko la mwanawe lingali safi.

Sasa sikia kilichonivunja. Ilikuwa sikukuu ya Idi. Nilipika kuanzia alfajiri, kuku na wali wa nazi, nikavaa, nikajipaka hina. Wageni wawili wamekaa mkekani na Athumani. Akanyoosha mkono bila kutazama, kama mtu anavyofanya akiwa na raha nyumbani kwake, akasema, "Zainabu, nipatie maji."

Wageni wakatazama sahani zao. Athumani akafumba macho. Nikampa maji. Nilimpa kwa mikono miwili, kwa adabu, na ndani yangu kitu kikaungua hadi kikawa jivu. Jioni aliniomba radhi. Nikamwambia, "Ulimi hauna mfupa, yamekwisha." Hayakuwa yamekwisha. Mwanamke akikwambia yamekwisha huku anakunja nguo ambazo zimekwisha kunjwa, jua bado.

Siku nne baadaye akaondoka na lori kupeleka madirisha Masasi, atalala huko siku mbili. Asubuhi nikamtoa Salima kwenda shule, alikuwa darasa la kwanza. Nikaingia kwenye kibanda cha useremala, nikachukua nyundo na tindo, ile patasi ya chuma ya kuvunjia ukuta. Nikapiga magoti mbele ya tangi.

Nilianza na Z. Ilitoka vizuri, saruji ikawa unga mweupe. Nikafuta A. Sikuwa nalia, wala usidhani nilikuwa nimepagawa. Nilikuwa nimetulia kama mtu anayepara samaki. Nikafuta I. Kisha nikapiga pigo moja la nguvu zaidi, la hasira ya ile Idi, na ukuta ukatoa sauti kama ya mtu anayekohoa. Ufa ukashuka kutoka pale nilipopiga hadi kwenye bomba. Maji yakatoka kwanza kama jasho. Halafu kama uzi. Halafu kipande cha lipu kikaruka, na maji ya masika mazima yakaanza kunimwagikia mapajani.

Nilizibia kwa kanga, kwa sabuni, kwa udongo, na mgongo wangu mwenyewe. Jirani yangu Mama Hassani akanisikia, akaja na ndoo zake mbio. Tulikinga kila chombo: masufuria, karai, hata beseni la mtoto. Tulipata ndoo kumi na moja. Mengine yote yakaingia kwenye mchanga, na mchanga wa huku, mwanangu, unakunywa kama mgonjwa wa homa. Masika yalikuwa yamekwisha mwezi mzima. Mvua nyingine ilikuwa mbali.

"Imekuwaje?" Mama Hassani akaniuliza.

"Nilikuwa napigilia msumari wa kuanikia nguo," nikasema, "nyundo ikaniponyoka."

Akatazama ukuta. Palibaki NABU peke yake, na mbele yake makovu matatu meupe, yamepangana. Aliokota ndoo zake akaenda, na kule kuondoka kwake kulinichoma kuliko matusi.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, nami nilikuwa nimeusikia usemi huo tangu utotoni bila kujua kuwa siku moja nitasimama ndani yake nikiwa nimeloa hadi kiunoni.

Kesho yake asubuhi Bi Somoe akafika. Haikuwa siku yake. Alisikia kwamba Athumani hayupo, akaona aje kushinda nasi. Nikamwamkia. Kabla sijasema lolote Salima, ambaye siku hiyo hakuwa na shule, akamshika bibi yake mkono akampeleka nyuma ya nyumba. Nikamsikia anasema, polepole, "Bibi, jina la mama limekatika."

Nikangoja kelele. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Nilikuwa hata nimepanga majibu. Bi Somoe akarudi, akaweka chini mzigo wake, akaokota ndoo mbili. Moja akanipa.

"Mtoto atakaa kwa Mama Hassani," akasema. "Sisi twende bondeni."

Njia ile sikuwahi kuishuka. Ni ya mawe na mizizi, inateremka kama ngazi. Yule mama alikuwa na umri wa kupumzika, lakini alishuka mbele yangu bila kushika kitu. Huko chini tukakuta foleni ya wanawake kwenye chemchemi, maji yanatoka kidogo kidogo. Akanivuta pembeni tukakaa juu ya jiwe. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini ili wenzetu wasisikie, na kwa heshima hiyo hadi leo namshukuru.

"Mchanga wa lile tangi ulitoka hapa," alisema. "Zainabu aliupandisha ndoo kwa ndoo, ana mimba ya Salima. Nilimkataza. Akaniambia, mama, sitaki nyumba yangu iendelee kuijua njia hii. Athumani akaandika lile jina kwa furaha ya siku ile. Hawakuliandika ili likuumize wewe."

Nikasema, "Mama, nisamehe." Na nikaongeza, kwa ujinga wa mtu aliyekamatwa, "Lakini na wewe ungekuwa mimi ungejua. Kila mahali yupo yeye."

"Unadhani wivu umeuanza wewe?" akasema. "Mimi nakuonea wivu tangu siku ya kwanza uliyoingia pale. Unapika kwenye mafiga ya mwanangu. Mjukuu wangu anakuita mama, na anakuita kwa raha. Juzi nilimwuliza sura ya mama yake, akataja yako. Nilirudi Newala siku hiyo nikashindwa kula. Ninyi mnadhani wazee tumepoa. Hatujapoa."

"Basi nilijifunza hivi," akaendelea. "Kila wivu ukinishika, natafuta kitu nakuletea. Ule unga, zile kanga, unadhani mimi nina mali? Ni wivu ule. Nikiukalia unanila. Nikiufunga kwenye mzigo nikakuletea, nafika kwako umekuwa mwepesi, nakuta hata naweza kukupenda. Sasa simama, zamu yetu imefika. Chukua ndoo, Mama Salima."

Mwanangu, hilo jina nililolitamani mwaka mzima nilipewa na mtu mwenye haki kubwa kuliko wote ya kuninyima. Nilipanda ule mlima huku maji yananichuruzikia usoni, na sijui yepi yalikuwa ya ndoo.

Athumani alirudi siku iliyofuata. Nilikwisha kuamua kuwa sitamwambia ule uongo wa msumari. Nilimtolea kiti, nikamwambia yote: Idi, nyundo, tindo, herufi moja moja. Aliondoka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda wa kuchemsha maharage. Aliporudi hakunifokea. Aliniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Lile sanduku nililokutengenezea, umeweka nini ndani?"

Nikupe habari ya sanduku. Miezi michache baada ya harusi alinitengenezea sanduku dogo la mbao ya mninga, lina kufuli na ufunguo mmoja, akanipa mimi ule ufunguo. Nikamjibu, "Nimeweka kanga."

"Sikulitengeneza kwa ajili ya kanga," akasema. "Nililitengeneza kwa ajili ya shati la Issa."

Na ni kweli, mwanangu: nilikuwa na shati la Issa la kijani, na kofia yake, nimevizungushia kitambaa chini kabisa ya begi langu. Athumani akitoka kazini nilivitoa nikavinusa. Harufu ilikwisha kuondoka zamani, mimi nanusa tu. Na sikuwahi hata mara moja kuona kuwa hilo na lile la ukutani ni jambo moja. Nyani haoni kundule.

"Nilikuona siku moja," alisema. "Nilirudi kuchukua futi yangu ya kupimia, nikakukuta umefunika uso kwa lile shati. Nikarudi kibandani kimya kimya. Siku ile niliharibu mbao tatu, nazikata fupi. Nilikasirika, Rehema. Niliwaza nilichome. Halafu nikajiambia, kama siwezi kulitoa moyoni mwake, basi nilitafutie mahali pazuri pa kukaa, lisilale chini ya begi kama kitu cha kuiba."

Hapo ndipo nilipompenda yule mwanamume. Usicheke. Nilikuwa nimeolewa naye mwaka mzima, nilimheshimu, nilimwonea wivu, lakini kumpenda kulianza pale, amekaa kwenye kigoda ana vumbi la safari, hana maji ya kuoga kwa sababu yangu.

Saruji ilikuwa ya kutafutwa siku zile. Tulikaa miezi miwili na nusu bila tangi, nami nilishuka bondeni kila siku, na katika kila safari ya pili nilipandisha mchanga. Athumani alitaka kukodisha watu wa kubeba, nikakataa. Tulipomaliza kuziba na kupiga lipu, nilimpa msumari nikamwomba aandike tena lile jina. Akafikiri, akakataa. Alisema mkono wake haungeweza kuliandika kama ule wakati. Basi ukuta ukabaki mtupu. Hilo nalo ulijue: yapo mambo ukiyaharibu, hata ukisamehewa, hayarudi yalivyokuwa.

Tuliishi miaka thelathini na miwili, tukapata watoto wengine watatu. Bi Somoe alikufia mikononi mwangu, nikamwosha mimi, kwa wosia wake. Tulizoea, jioni nyingine, kuwataja wenzetu. Athumani alinieleza Zainabu alivyokuwa anaogopa konokono. Mimi nilimsimulia maskhara ya Issa, akacheka hadi akashika mbavu. Ajabu ni kwamba kadiri tulivyowataja ndivyo walivyotuachia nafasi.

Baada ya kumzika Athumani, miaka sita sasa, Salima alikuja kukaa nami. Unamjua, ni mwalimu upande wa Chidya, ana watoto wake. Nikaona nisije nikafa na deni lake. Nikamwambia, "Mwanangu, lile jina la mama yako halikuvunjika kwa bahati mbaya. Nililivunja mimi."

Alikuwa anachambua kisamvu. Hakuinua macho.

"Najua, mama," alisema. "Siku ile nilisahau daftari, nikarudi. Nilikuona umepiga magoti."

Mtoto wa miaka saba aliona, na akanyamaza kwa baba yake, kwa bibi yake, kwangu mimi, miaka yote hiyo. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Niliogopa watakufukuza," alisema. "Mama mmoja nilikuwa nimeshampoteza."

Hayo ndiyo yaliyonifanya nitupe punje juzi uliponieleza habari ya picha. Kwa sababu mimi nilidhani vita vyangu vilikuwa na watu wawili, mimi na marehemu, kumbe katikati yetu alisimama mtoto, ameshika pumzi. Na huyo mwalimu wako ana mtoto, hukunitajia lakini nimesikia.

Basi pokea nasaha zangu. Mwanamume akiweza kumsahau upesi mke aliyemzika, usifurahi. Siku moja utakuwa wewe. Usimwombe afute. Mwombe akuonyeshe, akae karibu nawe akueleze alikuwa nani, alipenda nini, aliugua vipi. Itakuuma mara ya kwanza. Mara ya kumi utaona unamsikitikia dada aliyeondoka mapema. Wala sikwambii ukubali kupimwa naye kila siku. Akikulinganisha, mwambie usoni, kwa maneno, siku hiyohiyo, usiyafungie ndani hadi mkono utafute nyundo. Hasira ni hasara, na hasara yake hailipwi na mwenye hasira peke yake. Na wivu ukikushika, maana utakushika, wewe ni binadamu, utafutie kazi ya kufanya yenye manufaa kwa yule unayemwonea. Usiukalie.

Mpigie simu leo, kabla ya wiki yako kwisha.

Mungu akupe kifua kipana na ulimi laini. Akupe mume unayeweza kunyamaza naye pasiwe na shaka. Akukuzie mtoto utakayemkuta na akujalie wa kuwazaa wewe, wakuzike wao, usiwazike wewe. Na huyo aliyetangulia Mungu amlaze mahali pema, aridhike nawe huko aliko. Amina, mwanangu. Amina.